Lugha ya baruapepe ni ya mpokeaji

Kila programu ya wavuti inapotuma baruapepe, iwe kiungo cha kubadili nywila, risiti ya malipo au taarifa ya likizo iliyoidhinishwa, kuna lugha inayotumika, na katika mifumo mingi hakuna mtu aliyeichagua. Tuchukue mfumo wa masuala ya wafanyakazi unaohudumia ofisi za Bujumbura na Dar es Salaam. Meneja aliyeko Bujumbura, anayetumia kurasa za Kifaransa, anabofya kitufe cha kuidhinisha likizo, na mfanyakazi aliyeko Dar es Salaam, aliyechagua Kiswahili tangu siku ya kwanza, anaipata taarifa yake kwa Kifaransa. Programu imeandika ujumbe kwa lugha iliyokuwa ikitumika wakati kitufe kinabofywa, nayo ni lugha ya mtumaji. Ujumbe ukiwekwa kwenye foleni ili utumwe baadaye, hali hubadilika kidogo tu: kwa kuwa hapo hapana kivinjari wala mtu aliyeingia kwenye akaunti, mfumo hurudia lugha yake ya msingi, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza.

Dawa ya kiufundi ipo na si ngumu. Zana za kuundia programu za wavuti kama Django, Rails na Laravel tayari zinayo: katika Django msanidi huandaa ujumbe ndani ya amri ya translation.override akiipa lugha ya mpokeaji, katika Rails hutumia I18n.with_locale, na Laravel huruhusu rekodi ya mtumiaji yenyewe itaje lugha yake kupitia HasLocalePreference, hata foleni ikaiheshimu bila kukumbushwa. Ubishi wa kweli unaanzia kwingine: lugha ya mpokeaji tutaijuaje, na je, inafaa kumwandikia kwa lugha hiyo kila mara?

Wapo wanaoona kwamba kukisia kunatosha, kwa sababu kila kivinjari, kinapoomba ukurasa, hutuma kichwa cha Accept-Language, yaani mstari wa maelezo unaoorodhesha lugha anazopendelea mtu. Hoja hii ina nguvu mahali ambapo watu huweka simu zao katika lugha wanayoizungumza. Afrika Mashariki mambo hayako hivyo. Wengi hununua simu yenye menyu za Kiingereza na kuiacha ilivyo, kwa hiyo kichwa kile kinatueleza zaidi habari za simu kuliko habari za mwenye simu. Kukisia kwa anwani ya mtandao (IP), inayodokeza mtu yuko nchi gani, ni kubaya zaidi, maana Mswahili aliyeko Muscat ataandikiwa Kiarabu na mtalii aliyeko Arusha ataandikiwa Kiswahili. Njia ninayoiamini ni kumuuliza mtu anapojisajili, kuhifadhi jibu katika akaunti yake, na kumruhusu alibadilishe wakati wowote. Kisio litumike kujaza jibu la awali tu, ili fomu isimchoshe.

Upande wa pili una hoja nzito ambazo wapenzi wa Kiswahili, nami nikiwamo, hatuna budi kuzisikiliza. Tafsiri nusu ina madhara. Mtu anayepokea baruapepe yenye salamu za Kiswahili, maelezo ya Kiingereza na kitufe cha Kiswahili ana kila sababu ya kudhani kwamba ni utapeli. Vilevile, kumwandikia mtu kwa Kiswahili ni kumwalika ajibu kwa Kiswahili, na kama dawati la huduma kwa wateja halina anayeisoma lugha hiyo, mwaliko huo ni wa uongo. Kuna pia wasomaji waliozoea istilahi za kompyuta kwa Kiingereza, ambao wanaona ujumbe wa Kiswahili unawachelewesha. Hao wana haki ya kuandikiwa Kiingereza hata kama wanaishi Tanga.

Gharama nyingine huonekana pale tu kazi inapoanza. Kiolezo cha Kiingereza huweza kupachika jina lolote katika nafasi iliyoachwa wazi, lakini ngeli zetu hazikubali: ni malipo mapya, kifaa kipya, nyaraka mpya, na kitenzi hufuata. Kwa hiyo sentensi haiwezi kuungwa kwa vipande, bali kila aina ya taarifa iandikwe nzima na kutafsiriwa nzima. Saa nazo zinahitaji uangalifu, kwa kuwa mkutano wa 09:00 ni saa 3 asubuhi, na mfumo unaoandika "saa 9:00" utamfanya mtu ajiandae kwa alasiri. Hii ni kazi ya mhariri anayeijua lugha, na ana stahiki ya kulipwa.

Wengine hupendekeza kuweka lugha mbili katika ujumbe mmoja. Utaratibu huo unaeleweka katika taasisi za serikali kuu ya Kanada, ambako Kiingereza na Kifaransa vina hadhi sawa kisheria tangu 1969, na huenda ukafaa pale lugha ya mpokeaji isipojulikana kabisa. Lakini kwenye skrini ya simu lugha ya pili hujificha chini, na kichwa cha ujumbe, ambacho ndicho watu husoma kwanza, hakitoshi lugha mbili.

Nikizipima pande zote, naona hoja ya gharama inatueleza tuanzie wapi, wala haituruhusu kutoanza. Ujumbe wa usalama na wa fedha utangulie. Onyo kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka kifaa kipya lina thamani likieleweka papo hapo, na sharti la kifungu cha 12 cha GDPR, kanuni ya Ulaya ya kulinda data iliyoanza kutumika 2018, kwamba taarifa zitolewe kwa lugha iliyo wazi na nyepesi, halitimii kwa msomaji asiyeijua lugha yenyewe. Matangazo na majarida yanaweza kusubiri. Ujumbe ambao tafsiri yake haijakamilika utumwe wote kwa lugha ya msingi, na chini yake kiwekwe kiungo cha kubadili lugha, kikiwa kimeandikwa kwa lugha zote ambazo mfumo unazo.