Desa la Mwenzako Halitakuvusha Mtihani wa Bodi

Kila Mei na Novemba zikikaribia, vibanda vya fotokopi vya katikati ya jiji hujaa watahiniwa wa CPA, mtihani wa uhasibu wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), wanaotoa nakala za madesa, yaani notsi za wenzao. Mengine yameandikwa vizuri kweli, na watu waliokwishafaulu. Hata hivyo nasema wazi: usiyategemee. Notsi humfaa zaidi aliyeziandika, maana kazi yenyewe ilifanyika pale alipofunga kitabu, akajiuliza kimesema nini, akaandika kwa maneno yake.

Chukua mikataba ya upangaji. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachoihusu, IFRS 16, kilianza kutumika 1 Januari 2019, kikachukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 17. Desa litakueleza kwa mstari mmoja kwamba mpangaji anaingiza vitabuni haki ya kutumia mali pamoja na deni lake. Utaukariri mstari huo, na swali likigeuzwa kidogo tu huna pa kushika.

Sasa piga hesabu ya fremu ya duka uliyopanga Kariakoo: miaka mitatu, kodi shilingi milioni 6 kila mwisho wa mwaka, riba asilimia 10. Thamani ya sasa ya malipo hayo ni kama milioni 14.92. Uchakavu wa haki hiyo ya kutumia fremu ni milioni 4.97 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza milioni 1.49. Gharama inafika karibu milioni 6.5, na mwenye fremu amelipwa 6! Kwa nini? Kwa sababu riba huwa nzito deni likiwa bado kubwa, kisha hupungua kadiri unavyolipa. Miaka mitatu ikiisha, jumla ni milioni 18 ileile. Hiyo "kwa nini" ndiyo ya kuandika daftarini. Fomula utaikuta kitabuni wakati wowote.

Kwenye somo la kodi za serikali, desa la kurithi ni hatari kabisa. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko yake mengi huanza 1 Julai. Kiwango kilichokuwa sahihi kwa aliyekuachia desa huenda kimeshafutwa. Andika mwaka pembeni ya kila kiwango unachonukuu.

Halafu kuna kupitia. Wengi husoma kurasa zilezile mara kwa mara, kalamu ya rangi mkononi, mpaka macho yanazizoea, wakadhani wameelewa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunachojifunza hutupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kubukua kwa mkupuo. Gawa ukurasa: kushoto swali, kulia jibu. Ukipata kiti kwenye mwendokasi kutoka Kimara, funika upande wa kulia ujijibu. Mtu anayetoka kazini Posta jioni akiwa hoi hawezi kusoma sura nzima, lakini maswali machache anayaweza. Hesabu zifanye upya kwenye karatasi tupu, saa ikiwa mezani.

Wale wa vikundi vya Jumamosi, naomba mbadilishane maswali mliyoyatunga, kila mtu abaki na majibu yake mpaka mwenzake ajaribu. Na kama desa umeshalinunua, lilinganishe na silabasi ya Bodi, uone lilichoruka, kisha uanze kuandika notsi zako kwenye ile mada unayoikwepa.