Cheni mpya kwenye meno ya zamani

Cheni ya taiming, ndani ya injini ya gari, huunganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), ikipita kwenye magurudumu yenye meno yaitwayo spoketi. Kama cheni ndiyo iliyolegea, spoketi zina kosa gani mpaka nazo zitolewe? Hata mimi niliuliza hivyo zamani, nikabadilisha cheni peke yake. Haukupita muda, kelele ya asubuhi ikarudi: kra-kra-kra kwa sekunde mbili tatu injini ikiwaka baridi, kisha kimya. Nikafungua upya kifuniko kilekile.

Tunasema cheni "imevutika", lakini chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini za viungo na matundu yake. Kila kiungo kinaachia kidogo mno, ila viungo ni vingi na ulegevu unajumlishana. Cheni ikisharefuka hailali tena sawasawa kwenye meno, nayo meno yanaliwa upande mmoja mpaka yanajikunja kama ndoana. Ivalishe cheni mpya juu ya meno hayo, na mzigo utabebwa na viungo vichache badala ya vingi.

Tenshena, yaani kikaza cheni, na zile reli za plastiki zinazoiongoza, hazina mjadala: zitoke pia. Tenshena nyingi husukumwa na presha ya oili, na ndiyo sababu makelele husikika wakati wa kuwasha, oili ikiwa bado haijapanda. Wanaojisifu kwamba gari la cheni, tofauti na la mkanda, halidai chochote, hunishangaza. Linadai oili safi kwa wakati. Oili iliyochoka ina uchafu unaosaga pini kama msasa.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Spoketi ya krenki ikiwa na meno 20, kuruka jino moja ni kukosea nyuzi 18, na kwenye injini nyingi kosa likizidi kidogo valvu hukutana na pistoni. Kwa hiyo kabla ya kugusa swichi, zungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama za spoketi. (Vile viungo vya cheni vyenye rangi, vya kulinganisha na alama wakati wa kufunga, havitarudi mahali pake baada ya mizunguko hiyo, usihangaike navyo.) Ikigoma katikati, usilazimishe. Rudi nyuma utafute kosa.

Najua spoketi ya kamshafti yenye mfumo wa kubadili taiming (wakati wa valvu kufunguka na kufunga) ni ghali, na ikiwa meno yake ni mazima na haigongi, sitagombana na atakayeiacha. Ile ndogo ya krenki, hapana. Kwa kawaida krenki huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja, kwa hiyo kila jino lake hukutana na cheni mara mbili zaidi. Ndiyo inayoliwa kwanza, na ndiyo ninayoona ikirudishwa mara nyingi kwa sababu eti "bado inang'aa".