Vitabu Vinavyomwamini Msomaji

Kila ninapokisifu kitabu mbele ya watu, swali la kwanza ninaloulizwa ni kwamba kinafunza nini. Tumelizoea swali hilo tangu darasani, ambako dhamira na ujumbe hukaririwa kwa ajili ya mtihani, lakini kwa mtu asomaye kwa hiari yake naliona jembamba mno. Mimi hutazama kama mwandishi amemwamini msomaji wake, akamwonyesha binadamu mzima, pamoja na wema wake na aibu zake, kabla ya kumtaka apitishe hukumu. Kwa kipimo hicho, vitabu ninavyovipenda havifanani hata kidogo, na baadhi ya vile vinavyoheshimiwa sana vimenipungukia.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ndiyo mfano wangu wa kwanza. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa hofu kwamba ingewapotosha vijana, na baadaye ikaja kusomwa darasani. Naamini waliokipinga kitabu hiki waliyatazama matendo ya Rosa wakausahau mwanzo wake, pale Zakaria, baba mlevi, anapoipata barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake, akampiga Rosa kipigo cha kikatili. Tangu hapo msichana huyu anawaogopa wavulana, na siku anapotoka chini ya macho ya baba yake anaingia ulimwenguni bila ujuzi wowote wa kumkinga. Kezilahabi hamgeuzi Rosa kuwa malaika, wala hasimami pembeni kutuambia nani alaumiwe. Anatuachia mzigo huo sisi, na ndiyo maana kifo cha Rosa kwa mkono wake mwenyewe kinauma kuliko onyo lolote ambalo mhubiri angeweza kulitoa.

Shaaban Robert ananipa kazi ngumu zaidi, kwa kuwa nampenda na bado nina manung'uniko. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama, hivyo tabia zinajulikana mara tu majina yanapotajwa. Kinachokiokoa kitabu, na kukiinua juu sana kwa maoni yangu, ni utetezi wa Karama mahakamani. Badala ya kuomba huruma, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa na kulipwa adhabu waliporudi, mmoja baada ya mwingine, hata kiti cha mshtakiwa kinakuwa kama kimehamia upande wa watawala. Nikikumbuka kwamba maneno hayo yaliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, namvulia kofia. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, kwa upande mwingine, sifa zimekuwa nyingi mno. Mwanamke aliyetoka Fumba, akauza vyungu, kisha akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, hahitaji kupambwa. Natamani ningemwona akikasirika, akisita au akikosea, ili ukubwa wake niupime mwenyewe.

Huenda mtu akasema kwamba kipimo changu kinaitupa nje fasihi yetu yote ya mawaidha. Sivyo, na ushahidi wangu ni utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Huo ni wosia mtupu, tena sikubaliani na mengi unayoyasema kuhusu utiifu wa mke kwa mume. Hata hivyo, kila ninapousoma namwona mama aliyeshikwa na maradhi mwaka mzima, anayemwita binti yake asogee karibu na aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno moyoni. Anapofika kwenye mambo ya nyumbani anaeleza hata namna ya kukaa karibu na mume aliyelala, asikurupushwe, apapaswe, wala asikose mtu wa kumpepea. Anayefundisha hapa ana sura, ana ugonjwa na ana haraka ya kuaga, nami naweza kuukataa ushauri wake huku nikimpenda yeye mwenyewe.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, naitaja kwa ufupi. Ni hadithi ya upelelezi, Bwana Msa na kiko chake wanatushughulisha akili hadi ukurasa wa mwisho, na sioni kwa nini furaha ya namna hiyo ihesabiwe kuwa duni.

Kitabu ambacho ningependa kila msomaji wa Kiswahili akipate ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Kijana Yusuf anachukuliwa na Ami Aziz, mtu mpole anayenukia vizuri na aliyezoea kumpa sarafu, naye anadhani anakwenda kutembea. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemwambia waziwazi kwamba yule si ami yake, na kwamba yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake. Mwandishi hapazi sauti. Aziz anabaki mpole na mwenye adabu hadi mwisho, na upole huo ndio unaotisha, kwa sababu tunaona jinsi mtu anavyoweza kumiliki watoto wa wenzake bila kugombana na mtu yeyote.

Nagona, ya mwaka 1990, inanishinda kwa upande wa pili. Kezilahabi anamwamini msomaji kupita kiasi, mafumbo yanarundikana, na watu wa kawaida karibu wanatoweka. Siwashauri wanaotaka kumjua mwandishi huyu waanzie hapo. Waanze na Rosa, wapitie Kichwamaji ya mwaka 1974, ndipo waingie Nagona wakiwa wamekwisha kuona maswali yake kuhusu maana ya maisha yalianzia wapi.