Kilomita 8,780 na Kipara cha Mzee

Jamani aliyetengeneza hiki kikokotoo cha umbali wa ndege namtafuta, sina ugomvi naye, nataka tu anitazame machoni. Nimeandika Heathrow ya London, nikaandika Los Angeles, chap kikaniletea: kilomita 8,780, kwa spidi ya kilomita 900 kwa saa ni saa 9 na dakika 45. Nikajipanga kama mtu mwenye heshima zake. Kumbe kinadhani ndege inazaliwa ikiwa hewani.

Masaa matatu kabla upo uwanjani unavua mkanda, umeshikilia suruali kwa mkono mmoja. Foleni ya kuingia kwenye foleni. Mkishakaa, ndege nayo inatembea chini taratibu kama inatafuta choo. Na huko juu upepo unavuma kutoka magharibi, sisi tunaokwenda Marekani tunapigana nao, wanaorudi wanasukumwa mgongoni, kwa hiyo andika saa 11.

Sasa jirani yangu. Mzee mmoja, kipara kinang'aa, kidole hakitoki kwenye skrini ya ramani. "Kijana, huyu rubani anatupeleka wapi?" Naangalia, kweli kijindege kinapanda zake Greenland kwenye barafu. "Los Angeles si iko kule chini? Anazunguka nini, analipwa kwa kilomita?" Nikamwambia mzee wangu dunia ni duara, ramani bapa inatudanganya, hii ndo njia fupi. Akanitazama kama namuuzia kiwanja ambacho nimeshamuuzia mtu mwingine. Basi nikatafuta kitu cha duara nimwonyeshe, hakuna, nikachomoa waya wa hedfoni nikasema kwa heshima zote mzee wangu, naomba kichwa.

Akainamisha! Hapa juu ya sikio hili London, juu ya sikio lile Los Angeles. Nikazungusha waya kupitia kwenye paji la uso, haukutosha. Nikaupitisha utosini, ukafika na ukabaki. Hapo hapo mhudumu katokea na toroli, ananikuta nimemfunga mzee wa watu kichwa. "Kuna tatizo?" Mzee kafumba macho anasema, "Tuache mwanangu, ndo tunavuka Greenland."

Nikajiona profesa. Mzee akakaa sawa, akafikiri, akauliza: "Sasa kama ndo njia fupi, mbona hatufiki?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina! Goti limekufa ganzi, anayekaa mbele kalaza kiti mpaka nahesabu nywele zake, halafu natua napiga simu nipewe pole, shemeji anapiga hesabu zake: mmeondoka saa 6 mchana, mmefika saa 9 alasiri, masaa matatu tu unalia? Tofauti ya masaa 8 kati ya saa za London na za Los Angeles haijui na hataki kuijua.

Saa hizi ni saa 9 tena, ila ya usiku, macho yamenitoka kodo. Ningesikiliza hata mziki, ila waya mzee kaondoka nao.