John Coleman: mechi 98 zinatosha?

Magoli 537 katika mechi 98. Anayemtetea John Coleman, mchezaji wa klabu ya Essendon ya Melbourne, kuwa mfungaji bora kuliko wote katika mpira wa kanuni za Australia huanza na hesabu hiyo. Anayempinga naye huanza palepale: mechi 98 tu?

Kwa asiyeujua mchezo huo, goli ni pointi 6, na ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini, unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Coleman aliishi kwa kudaka. Aliruka juu ya mabega ya mabeki, kwenye viwanja vyenye tope la baridi ya Melbourne, na mpira wa ngozi ulioloa ni mzito.

Mechi yake ya kwanza, 1949, aliifunga Hawthorn magoli 12. Hawthorn ilikuwa kibonde, tukubali. Lakini goli la 100 la msimu huohuo alilipata ndani ya fainali, Essendon ikiichapa Carlton kwa pointi 73. Mwaka uliofuata alifunga 120.

Juni 1954, wiki moja baada ya kuifunga Fitzroy magoli 14, goti liliharibika dhidi ya North Melbourne. Alikuwa na miaka 25, na hakucheza tena.

Hapo ndipo wastani wake wa magoli 5.48 kwa mechi unapoanza kunitia shaka, kwa sababu hauna ndani yake hata mwaka mmoja wa kuchuja. Tumwongezee mechi 100 za magoli 4 kila moja, na huo si ubahili: wastani unashuka hadi 4.73. Kati ya wafungaji wengine wakubwa, bado anampita Gordon Coventry (4.25), ila anaachwa na Tony Lockett (4.84). Peter Hudson, mwenye 5.64, naye aliumia goti, 1972. Akarudi, na 1977 akafunga 110. Mtihani huo Coleman hakuufanya.

Upande wa pili kuna 1951. Kabla tu ya mechi za ubingwa, Harry Caspar wa Carlton alimpiga, naye akarudisha. Wote wawili walifungiwa mechi 4. Essendon ikapoteza fainali mbele ya Geelong kwa pointi 11, hazifiki hata magoli mawili, bila mtu wa kufunga matano. Pengo hilo linanishawishi kuliko wastani wowote.

Leo mfungaji bora wa ligi hupewa Medali ya Coleman, ambayo haihesabu magoli ya baada ya msimu wa kawaida. Goli lake la 100 la 1949 lisingehesabiwa.