Harmonika ya Bluzi: Moja ya C Inatosha, Maikrofoni Isubiri

Wengi wanaotaka kujifunza bluzi kwa harmonika huanza kuulizia maikrofoni na ampilifaya hata kabla tundu la 2 halijawatolea sauti safi. Nawaelewa. Mpiga harmonika Little Walter aliporekodi "Juke" mjini Chicago mwaka 1952, ampilifaya iliifanya harmonika isikike nzito kama saksafoni, na mpaka leo kila mtu anaitaka sauti hiyo. Ila uzito ule ulianzia kinywani mwake. Kwa maoni yangu, hela ya kwanza yote iende kwenye harmonika moja nzuri.

Iwe ya matundu 10 kwa safu moja, ufunguo wa C. Zile za safu mbili achana nazo: kila noti ina vijilimi viwili (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka kwa pumzi) vilivyopishanishwa sauti kidogo ili mlio utetemeke, na noti ya namna hiyo haikunjiki vizuri, yaani huwezi kuishusha kwa ulimi. Hohner Special 20 ina mwili wa plastiki usiovimba kwa mate. Marine Band 1896 ina mwili wa mbao na mlio mkali, ila usiiloweke majini. Harmonika za Lee Oskar zina bamba za vijilimi zinazouzwa peke yake, kwa hiyo kijilimi kikichoka hununui harmonika nzima. Seti za bei poa za harmonika saba ni hasara tupu: hewa inavuja kati ya bamba na mwili, nawe unavuta kwa nguvu kufidia. Hiyo nguvu ndiyo baadaye itakusumbua kuiacha.

Bluzi huegemea kuvuta kuliko kupuliza. Harmonika ya C unaipigia wimbo wa G, na do yako ni tundu la 2 kwa kuvuta. Aliyeimba kwaya ataipata hesabu hii upesi: shika do ya wimbo, panda hadi fa; fa hiyo ndiyo harmonika ya kutumia. Wimbo wa E, chukua A. Wimbo wa A, chukua D.

Sasa hilo tundu la 2. Ukivuta, linakoroma au linanyamaza kabisa, na unaapa kwamba umeuziwa mbovu. Karibu kila mara harmonika ni nzima. Koo limebana, ulimi umeinuka, kijilimi kinakabwa. Ingiza harmonika ndani zaidi ya midomo, inua kidogo upande wake wa nyuma, shusha taya kama unayepiga miayo, kisha vuta polepole. Bana pua huku unavuta: sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inapitia puani.

Kukunja noti anza na tundu la 4. Vuta huku ulimi ukiwa mahali pa "i", halafu urudishe nyuma taratibu kuelekea "u", bila kuongeza pumzi. Hapo sauti inashuka nusu toni. Tundu la 2 linashuka hadi toni nzima, la 3 hadi toni moja na nusu, na ndiyo maana la 3 ni gumu: inabidi usimame katikati bila kuteleza. La 5 usiling'ang'anie, halishuki hata nusu toni kamili. Zikikaa, ngazi ya bluzi ni hii: vuta 2, vuta 3 iliyokunjwa, puliza 4, vuta 4 iliyokunjwa, vuta 4, vuta 5, puliza 6.

Maikrofoni ikifika zamu yake, Shure SM58 yatosha. Ifumbate pamoja na harmonika bila mwanya; mwanya mdogo tu unaiba besi. Ikianza kupiga mluzi, punguza sauti ya ampilifaya au usogee mbali na spika.

Kila ukimaliza kupiga, geuza matundu chini, gonga kiganjani mate yatoke, na iache ikauke nje ya kasha. Tundu la 4 au la 5 likianza kushuka sauti lenyewe, kijilimi kimechoka na kiko njiani kukatika. Weka akiba ya C nyingine.