Bwana Imbalansi wa Kiboriloni

Kikundi chetu cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kinakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri Kiboriloni, hapa Moshi. Mali yetu ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasiopendana sana. Ni kwa makusudi. Mimi nikajipa kazi ya kukihamisha kikundi kutoka kwenye daftari hadi GnuCash, programu huria ya uhasibu: hulipii ada, na ukijua kuandika programu unaruhusiwa kuirekebisha.

Hapo kwenye kurekebisha ndipo kichwa kilipovimba. Usiku nikawa naandika mipango ya mambo nitakayoiongezea: kitufe cha hisa, kitufe cha mfuko wa jamii, kitufe cha faini. Usiku huohuo nikawa naandika na mwongozo wa Kiswahili wa mweka hazina. Wenye GnuCash wametenganisha vitabu vyao, kimoja cha kufundishia dhana na kingine cha msaada wa matumizi. Mimi vyangu vyote nilivitia folda moja, "Nyaraka". Kibaya zaidi, mipango niliiandika kana kwamba kazi imeisha: "Mtu akichelewa, bonyeza Faini, programu inamkata yenyewe." Inamkata! Ilitakiwa iwe itamkata, tena siku anayoijua Mungu. Kazi ya "ta" nilimpa "na", naye akaniponza.

Steshenari nikamwambia kijana aprinti faili la juu. La juu lilikuwa mipango. Nikampa mama mweka hazina karatasi zake na laptopu, nikaenda zangu Arusha kikazi wiki tatu.

Wiki ya kwanza akapiga simu. "Mwanangu, hiki kitufe cha Faini kiko wapi?"

"Kipo hapohapo mama, angalia vizuri," nikajibu, nimebanwa kwenye kifodi, daladala ya Sakina, goti la mtu liko mbavuni.

Akaangalia vizuri. Nasikia alimwita mjukuu wake wa darasa la sita, wakafuta kioo kwa khanga wakidhani ni vumbi.

Mwisho akaamua kutumia akili yake. Akafungua akaunti ya fedha taslimu akaingiza faini moja moja: hela imeingia, basi. Imetoka akaunti gani, hakuandika. Sasa GnuCash haikubali hesabu ya mguu mmoja. Ukiiacha hivyo, mguu wa pili inautupia kwenye akaunti inayoifungua yenyewe, jina lake Imbalance-TZS, yaani shilingi za Tanzania ambazo hesabu yake haijalingana.

Niliporudi nilikuta kikao kimechacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Huyu Imbalansi ni nani?"

Akageuza kioo. Imbalance-TZS, -47,000, rangi nyekundu. Na nyekundu, kila mwanachama anajua, ni deni.

"Hajawahi kuja kikaoni hata siku moja," mwenyekiti akasema. "Nani alimdhamini?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema anawafahamu kina Imbalansi, wako Himo huko, ukoo mzima ndivyo walivyo.

Nikasimama kueleza. Nikasema kila shilingi lazima iandikwe mara mbili, inakotoka na inakokwenda. Kisha, kwa kiherehere changu, nikaongeza kwamba utaratibu huu si wangu, mtawa wa Italia aitwaye Luca Pacioli aliuchapisha kitabuni Venice mwaka 1494.

"Na huyo naye anadaiwa?" katibu akauliza, kalamu mkononi.

Nikaomba karatasi nionyeshe. Mama akanipa zile nilizomprintia. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, nikafika "programu inamkata yenyewe", sauti ikaniishia. Juu kabisa, kwa herufi nilizozikoleza mwenyewe, paliandikwa: MAMBO YA KUTENGENEZA MUNGU AKIPENDA.

"Mama, hii juu hukuisoma?"

"Niliisoma. Nikajua Mungu amependa."

Nikanywea. Ila kikao hakikuwa na haja na mimi, kilikuwa na Imbalansi. Ikapitishwa kwa kunyoosha mikono: kwa utoro wa wiki tatu, apigwe faini ya shilingi 1,000. Kabla sijamzuia, mama mweka hazina akavaa miwani, akaiandika palepale kwenye fedha taslimu, akabonyeza Enter.

Imbalance-TZS, -48,000.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema. "Hata aibu hana."